Kopo la pilipili, bastola, shotigani au raifo: ubebe nini kwenye nchi ya dubu

Dada yangu alinipigia simu kutoka Tabata saa nne usiku, sauti imemkauka. Mwanawe wa mwisho, mpwa wangu, alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Fairbanks, Alaska, na katika karatasi za kumkaribisha mlikuwa na ukurasa mzima wa habari za dubu: usimkimbie, usilale na chakula hemani, tembeeni kwa kundi. Kijana mwenyewe kwa milima hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Pugu na Kazimzumbwi amezimaliza, Uluguru ameipanda mara tatu, na alishasema huko anakokwenda kila Jumamosi atakuwa porini.

"Kaka, wewe umekaa na wanyama maisha yako yote," dada akasema. "Niambie anunue bunduki gani. Hela nitatafuta mimi."

Nilimwomba wiki moja. Nilikuwa askari wanyamapori Selous kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Dar, na bunduki nazijua kwa bega. Dubu sikuwahi kukutana naye, maana Afrika hayupo; waliokuwa milima ya Atlas huko kaskazini walikwisha karne ya 19. Kwa hiyo nilikaa nikasoma, nikapima, nikafanya majaribio na mpwa wangu kwenye uwanja wa wazi hapa Goba. Majibu niliyompa dada nayaandika hapa kwa kirefu, kwa sababu vijana wetu wanaokwenda Alaska, Montana na magharibi ya Kanada kwa masomo na kazi wanaongezeka, na swali lao la kwanza ni lile lile la dada: bunduki gani?

Sekunde moja na robo

Dubu mweusi ni mdogo kidogo, na mara nyingi ukimkemea anaondoka. Anayeogopesha ni dubu wa kahawia. Yule wa ndani ya bara, anayeitwa grizzly, dume lake huwa na kilo kati ya 180 na 360. Yule wa pwani ya Alaska na kisiwa cha Kodiak, anayekula samaki aina ya salmoni hadi anang'aa, hupita kilo 600, yaani uzito wa nyati dume. Alaska peke yake hukadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 30,000 na weusi wapatao 100,000.

Uzito si tatizo kubwa kama mbio. Dubu wa kahawia hukimbia kilomita 56 kwa saa, sawa na mita 15 na nusu kwa sekunde. Chukua basi la mwendokasi, lile refu lenye kiungo katikati: lina mita 18. Dubu akianzia nyuma ya basi na wewe umesimama mbele, anakufikia kwa sekunde moja na robo hivi. Vichakani mara nyingi ndivyo mnavyokutana, kwa umbali huo au chini yake, yeye akiwa amelala na watoto wake au amelinda mzoga, wewe ukipita na upepo unakupiga usoni, kwa hiyo hakusikia harufu yako.

Hili la sekunde nalijua kwa uchungu. Mwaka mmoja, karibu na mto Rufiji, tulikuwa askari watatu tukifuata nyayo, na nyati akatoka kwenye matete mita kumi na kitu kutoka tulipo. Bunduki yangu ilikuwa raifo ya .375 (namba ya upana wa risasi kwa inchi), silaha nzuri, nimeisafisha asubuhi ile ile. Lakini ilikuwa imening'inia begani. Nilipoishusha, nikakoki na kuiweka sawa, nyati alikuwa ameshampitia mwenzangu na kumvunja paja, na risasi yangu ilimpata akiwa anaondoka. Mwenzangu aliishi, anachechemea hadi leo. Tangu siku ile mtu akiniuliza silaha gani ina nguvu, mimi namuuliza kwanza itakuwa wapi mwilini mwake wakati mnyama anatoka.

Kabla ya chuma, karatasi

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na hapa ndipo mjadala wa dada ulipokatika katikati. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache. Msamaha unaotumika zaidi ni leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo mojawapo la huko. Neno lenyewe katika sheria ni kuwa nayo, si kuinunua tu. Ukiazimwa na rafiki bastola yake mwende nayo mlimani, umeshaingia hatiani. Ni kosa la jinai, na viza inaweza kwenda nalo. Aliyepata makazi ya kudumu, kwa mfano kwa bahati nasibu ya Green Card, kifungu hicho hakimgusi. Kwa muuzaji mwenye leseni bastola inahitaji umri wa miaka 21, na bunduki ndefu 18.

Kisha kuna mahali unapokanyaga. Tangu Februari 2010 mtu anaruhusiwa kuingia na bunduki kwenye hifadhi za taifa za Marekani kwa kufuata sheria ya jimbo husika, ila kuifyatua ndani ya hifadhi ni habari nyingine. Kanada ni kinyume: kwenye hifadhi za taifa za Banff na Jasper mtembea kwa miguu haingii na bunduki, na kinachoruhusiwa na kuhimizwa ni kopo la pilipili, yaani dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu usoni. Ukienda Svalbard, visiwa vya Norway vyenye dubu weupe, mambo yanageuka tena: ukitoka nje ya makazi lazima uwe na kitu cha kumtishia na kumfukuza dubu, na mamlaka wanashauri uwe na bunduki.

Na ukimwua dubu Alaska kwa kujitetea, hurudi nyumbani ukapumzika. Sheria inataka umchune, ngozi na fuvu uvikabidhi kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na uandike taarifa ya tukio. Wataangalia kama ulimchokoza au uliacha chakula ovyo. Katika majimbo yaliyo kusini mwa Alaska, ng'ambo ya Kanada, kama Montana na Wyoming, grizzly analindwa na sheria ya viumbe walio hatarini tangu 1975. Kwa anayetoka Tanzania hili si geni. Tunajua kwetu inakuwaje ukimwua mnyama wa serikali hata kama alikuwa shambani kwako.

Kopo dhidi ya bunduki

Nilipomtajia dada kopo la pilipili alinyamaza, halafu akauliza kama nimechoka na mwanawe. Nilimkumbusha Mikumi. Wakulima kule wanazungushia mashamba kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyochanganywa na oili chafu, na tembo wa tani tano anageuza. Pua ya dubu ni kali sana, anasikia harufu ya chakula kutoka mbali mno, na pua hiyo hiyo ndiyo mlango wa kumpiga. Kopo halimwui wala halimjeruhi. Linamfunga macho, pua na pumzi kwa wakati mmoja, naye anasahau alichokuwa anakusudia.

Ushahidi upo. Mwaka 2008 watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichapisha uchambuzi wa matukio 83 ya Alaska ambamo kopo lilitumika. Lilimzuia dubu wa kahawia mara 92 kati ya 100 na dubu mweusi mara 90. Kati ya watu waliokuwa na kopo katika matukio ya karibu, asilimia 98 hawakuumia. Mwaka 2012 Smith na wenzake wakachambua matukio 269 ya bunduki, yaliyokusanywa tangu 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76.

Usizisome namba hizo kama matokeo ya mechi ya Simba na Yanga. Kwenye matukio ya bunduki mna wawindaji, na mna dubu waliokwisha kujeruhiwa; kwenye ya kopo mna dubu wengi waliokuwa wanazungukazunguka kambi kwa udadisi tu. Haikuwa mizani moja. Kitu kimoja kwenye utafiti wa bunduki ndicho kilichonikaa: waliofyatua bunduki zao na waliokuwa nazo wasizifyatue, viwango vyao vya kuumia havikutofautiana. Sababu walizozieleza ni zile zile za Rufiji. Muda ulikuwa mdogo, bunduki haikuwa na risasi kwenye chemba, kufuli ya usalama haikutolewa, mtu alikosa shabaha, au mwenzake alikuwa katikati.

Na hata ukipata shabaha, fuvu la dubu ni nene na limelala mshazari, na kichwa chake kinapanda na kushuka anapokuja. Risasi ya moyo haimwangushi papo hapo. Damu iliyomo mwilini inamtosha kukimbia sekunde kadhaa zaidi, nawe ulishaona sekunde moja ni nini.

Kopo halidai shabaha ya namna hiyo. Linatoa wingu. Unalenga chini kidogo ya uso wake, mbele yake, ili aingie ndani ya wingu mwenyewe, na unaanza kupuliza akiwa kama mita 9 hadi 18, kwa sababu wingu na dubu wanakutana katikati. Makopo mengi hufika mita 7 hadi 10 na hutoa dawa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo usimalize yote kwa mkupuo wa kwanza. Nunua lile lililoandikwa kuwa la dubu na kusajiliwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani: lina kati ya asilimia 1 na 2 ya ukali wa pilipili, na dawa isiyopungua gramu 225. Vikopo vidogo vya mkoba wa kina mama, vya kujikinga na vibaka, havifai kabisa.

Ubaya wake nao niuseme bila kuficha. Upepo wa kukupiga usoni hulifupisha wingu na sehemu yake hukurudia wewe. Baridi kali hupunguza msukumo, na Fairbanks kuna baridi ambayo mtu wa Dar hawezi kuifikiria, kwa hiyo siku za baridi linakaa ndani ya koti, karibu na mwili. Lina tarehe ya mwisho, kama miaka mitatu au minne. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani. Na tafadhali sana, usilipulizie hema au begi kama dawa ya mbu. Mabaki ya pilipili yakishakauka harufu yake humvuta dubu aje kunusa. Linafanya kazi hewani, usoni mwake, wakati ule ule, basi.

Kwa bei, kopo ni kama dola 40 hadi 50. Shotigani ya kawaida ni dola mia kadhaa, bastola za aina hii zinaanzia hapo na nyingine zinapita 1,000, na bado hujanunua risasi za mazoezi, ambazo ndizo zinazokomba mfuko.

Bastola mbili

Kwa aliye na haki ya kisheria na anayetaka bunduki, mabishano makubwa ni kati ya rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .44 Magnum na bastola ya magazini ya milimita 10.

Risasi ya .44 Magnum ilizaliwa 1955. Inatoa nguvu ya joule 1,300 hivi, wakati mwingine zaidi. Ruger hutengeneza Super Redhawk Alaskan, rivolva yenye mtutu mfupi wa sentimita 6 na kidogo, kilo moja na robo, risasi sita. Uzuri wake ni kwamba haina cha kukwama. Dubu akiwa ameshakuangusha na mdomo wa mtutu umegusa manyoya yake, rivolva bado inalia, ilhali bastola ya magazini ikisukumwa kwenye mwili wa mnyama kifuniko chake kinaweza kurudi nyuma kidogo na ikagoma. Ubaya wake ni teke. Kwa mtutu mfupi namna ile, risasi ya pili inachelewa kwa sababu mkono umepanda juu, na triga yake ni nzito. Mwanaume mzito aliyezoea huweza. Mpwa wangu ana kilo 61.

Glock 20 ya milimita 10 ina risasi 15 kwenye magazini, kila moja kama joule 900. Nguvu ni ndogo, ila unairudisha kwenye shabaha upesi na unapiga tena, na tena. Doria ya Sirius, wanajeshi wa Denmark wanaozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa mbwa na sleji, hubeba Glock 20 kwa ajili ya dubu weupe. Hao hukaa miezi kwenye barafu wawili wawili, na wasingebeba kitu kisichofaa. Lakini angalia pia kwamba pamoja na bastola hiyo wana raifo ya .30-06. Bastola kwao ni ya pili.

Kwa zote mbili, risasi iwe ngumu, yenye ncha bapa, inayochimba. Ile yenye tundu kichwani, inayochanua, imetengenezwa kwa ajili ya mwili mwembamba wa binadamu. Kwa dubu inachanua kwenye mafuta na nyama ya juu na kuishia hapo.

Kati ya hizi mbili mimi ningempa anayejifunza Glock 20, na ningempa .44 yule aliyekwisha kupiga rivolva nzito kwa miaka. Lakini faida ya kweli ya bastola yoyote juu ya bunduki ndefu ni moja: inakaa kifuani, kwenye ala, juu ya mikanda ya begi, na mkono unaikuta hata ukiwa umelala chali. Ukiiweka ndani ya begi umebeba chuma tu.

Shotigani na raifo

Shotigani namba 12 ya kukoki kwa mkono wa mbele, kama Remington 870 iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 au Mossberg 500, ndiyo silaha unayoikuta kwenye kambi nyingi za Alaska. Ni rahisi, haichagui, na inapatikana kila mji. Huku kwetu shotigani ni ya marisau, ya kanga na kware, na hapo ndipo mtu wa Dar anaweza kufanya kosa litakalomgharimu. Marisau hayaingii kwa dubu. Hata yale makubwa, ya swala, hayachimbi vya kutosha. Kinachotakiwa ni risasi ya kipande kimoja, gramu 28 au zaidi, inayotoka kwa kasi ya karibu mita 475 kwa sekunde na kubeba joule zaidi ya 3,000. Na hata hiyo ina aina mbili. Kipande laini kinabonyea kikigonga mfupa. Kigumu, cha mtindo wa Brenneke wa Ujerumani, kinaendelea. Chukua kigumu.

Raifo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 1983 idara ya misitu ya Marekani ilichapisha majaribio ya risasi kwa masafa mafupi, yaliyofanywa kwa ajili ya wafanyakazi wake walioko kwenye nchi ya dubu Alaska, na raifo nzito, zikiwemo .458, .375 na .338, zilikaa juu. .375 H&H ya mwaka 1912 ni ile ile ambayo wawindaji wa hapa Tanzania wanaijua kwa nyati: karibu joule 5,800. Ina kilo nne hivi na ni ya bolti, kwa hiyo risasi ya pili inategemea mkono uliozoea. Zipo pia zile za kukokiwa kwa mkono wa chini, kama Marlin 1895 ya .45-70, fupi, nyepesi kidogo, zinazopita vizuri vichakani. Risasi yenyewe ni ya 1873 lakini ikipakiwa kisasa bado inavunja mifupa ya bega. Na .30-06 ya mwaka 1906, yenye risasi nzito, ikiwa ndiyo uliyo nayo na unaijua, inatosha kuliko .375 usiyoijua.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu, raifo inamshinda shotigani kwa kuchimba na kwa masafa. Shotigani inamshinda raifo kwa bei na kwa wepesi wa kufundishika. Zote mbili zinashindwa na bastola na kopo kwa jambo moja, nalo ndilo lililomvunja mwenzangu paja: zinakaa begani. Zinafaa kambini, usiku, mlinzi mmoja akiwa ameketi nayo mapajani. Zinafaa kwa kiongozi wa kundi asiyebeba begi na ambaye kazi yake ni kutazama tu, kama askari wa hifadhi anayekutangulia kupanda Meru. Kwa mtu anayetembea na begi la kilo 15, fimbo mkononi, macho chini akitafuta pa kukanyaga, ni mzigo wa kilo tatu au nne.

Uwanja wa Goba

Maneno hayakumtosha dada, na kusema kweli hata mimi yalikuwa hayajanitosha. Jumapili moja nikamwita kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Nikachora mstari wa chokaa mita 20 kutoka mwembe aliposimama mpwa wangu, na nikamwambia boda aje kwa kilomita 50, apite mita tatu pembeni yake. Akivuka chokaa, mpwa aanze. Fundi viatu alikuwa ameshona mfuko wa ngozi wa kopo tupu la dawa ya mbu.

Mara ya kwanza kopo lilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi, mahali ambapo vijana wengi huweka chupa ya maji. Pikipiki ilipita, vumbi likatufunika, na kijana alikuwa bado amejipinda anapapasa mgongoni. Mara ya pili lilikuwa kiunoni lakini chini ya jaketi lililofungwa zipu. Alilishika, hakulitoa. Mara ya tatu tukalihamishia kifuani, juu ya mkanda wa begi, nje ya kila kitu. Lilitoka, ila kizuizi cha plastiki, cha kuzuia kopo lisifyatuke lenyewe, tulichokitengeneza kwa kipande cha ndoo, kilimshinda. Tulirudia hadi jua likazama. Kwenye mara ya thelathini na kitu, kidole gumba kilikuwa kinaondoa kizuizi huku mkono ukiinuka, na kopo lilikuwa mbele yake, limeinama kidogo kuelekea chini, kabla gurudumu halijafika.

Kisha nikampa gongo la mbao lenye urefu na uzito wa shotigani, nikalifunga mkanda, nikalitundika begani kwake pamoja na begi. Mara kumi alijaribu. Hakuna hata mara moja alilifikisha begani likiwa limekokiwa na kuelekezwa. Bastola ya mbao ilitoka kifuani kwa wakati, lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiangalia mdomo wake unaelekea wapi: mara nyingi ulikuwa unaelekea mawinguni, au kwenye kibanda cha jirani. Dada alikuwa ameketi chini ya mwembe na kanga mabegani. Hakusema neno muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mnunulie hilo kopo. Makopo mawili."

Nani achukue nini

Mwanafunzi au mgeni wa viza ya muda, popote Marekani: kopo. Sheria imekuamulia, na kwa bahati imekuamulia vizuri. Kanada, kopo. Wewe mwenye makazi ya kudumu unayetembea siku moja moja kwenye njia zinazopitiwa na watu, kopo pia. Bastola ikiwa unaitaka iwe ya nyongeza, baada ya mafunzo na mazoezi ya miezi, na iwe ya milimita 10 kifuani upande mmoja, kopo upande mwingine. Unayefanya kazi ya kukaa kambini, kupima ardhi au kuvua samaki pwani kwa wiki nzima: kopo kwa kila mtu, na shotigani moja ya kambi yenye vipande vigumu, na mmoja wenu anayejua kuitumia. Svalbard, raifo, na uende na kiongozi wa huko.

Vifaa vingine nitavipita haraka. Kengele za kufunga kwenye begi hazisikiki mbali. Sauti yako inasikika, kwa hiyo ongea, imba, piga makofi kwenye kona na kwenye maporomoko ya maji. Fataki za kutishia hufanya kazi kwa dubu aliye mbali, lakini kwenye nyasi kavu unaweza kuwasha pori zima. Kisu usikitaje.

Na yapo mambo yanayotangulia silaha yoyote. Mtembee watatu au zaidi. Chakula, dawa ya meno na sabuni vikae kwenye chombo kisichofunguka, mbali na hema. Dubu ukimwona kwa mbali, hifadhi ya Yellowstone wanataka ukae mita 91 kutoka kwake, nami naona hata hiyo ni karibu. Akikuona, usikimbie, ongea taratibu, rudi nyuma ukimtazama. Wengi wanaokuja mbio hukatisha njiani, wanakutisha tu. Akikufikia na ni wa kahawia aliyeshtuliwa, lala kifudifudi, begi likiwa mgongoni, mikono imefunika shingo kwa nyuma, usitikisike. Akiwa mweusi, pigana naye usoni na puani kwa chochote ulichoshika.

Jambo la mwisho ni la uwanja wa ndege. Kopo la dubu haliruhusiwi kwenye ndege za abiria Marekani, si kwenye begi la mkononi wala lile la chini, na usijaribu kulipitisha hata hapa Julius Nyerere. Linunuliwe huko huko, siku ya kwanza, pamoja na lile la mazoezi lisilo na pilipili, linalouzwa kwa kazi hiyo. Mpwa wangu alifanya hivyo Fairbanks kabla hata ya kununua koti. Aliporudi likizo kumwona mama yake, lile la pili aliliacha kwa mwenzake wa bweni, kizuizi kimerudishwa mahali pake, na amemwandikia kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kopo, tarehe ambayo dawa itakwisha nguvu.